Msanii Anayefundisha Chuoni: Yanayosemwa na Yalivyo

Msanii wa kisasa mwenye ajira ya uhadhiri hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na watu wengi huziona nusunusu. Jamaa zake humwona na picha ukutani siku ya ufunguzi wa maonyesho. Wanafunzi humwona darasani. Kilicho katikati, yaani mikataba, vifaa, usafirishaji, kusahihisha na kuandika maombi, hakionekani, na hapo ndipo uvumi mwingi huzaliwa.

Dhana potofu: Anayefundisha ni yule aliyeshindwa kuuza

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na huporomoka mara tu mtu anapoanza kutaja majina. Mchoraji Josef Albers alianza mfululizo wake maarufu wa miraba ndani ya miraba mwaka 1950, mwaka uleule alioanza kazi Chuo Kikuu cha Yale, akiwa na miaka 62. Aliuendeleza hadi alipofariki mwaka 1976. Nyuma ya mbao alizochorea aliandika majina ya rangi alizotumia, na huo ni utaratibu wa mwalimu ndani ya studio. El Anatsui, mchongaji kutoka Ghana, aliingia kufundisha Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, mwaka 1975. Mapazia yake makubwa ya vifuniko vya chupa vilivyofumwa kwa waya wa shaba aliyabuni akiwa bado mwalimu, na mwaka 2015 Bienale ya Venice, maonyesho makubwa ya kimataifa ya sanaa nchini Italia, ilimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Mpiga picha Bernd Becher alianza kufundisha upigaji picha kwenye akademia ya sanaa ya Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 1976. Mwaka 1990 yeye na mkewe Hilla walishinda Simba wa Dhahabu wa uchongaji huko Venice, ingawa walichopeleka ni picha za kamera.

Sababu haina muujiza. Mshahara unamwondolea msanii haja ya kurudia picha iliyouzika mwaka jana. Chuo pia huwa na mitambo ambayo watu wachache wanaweza kuimiliki peke yao: tanuri la ufinyanzi, mashine ya kuchapa kwa bamba, chumba cha giza cha kusafishia picha, karakana ya kuchomelea vyuma. Na kuna hili lisilosemwa sana: mwanafunzi anayeuliza “kwa nini umeacha pale pakiwa patupu?” humlazimisha mwalimu kulijibu swali hilo hata katika kazi zake mwenyewe.

Dhana potofu: Ana muda tele, anafundisha saa chache tu kwa wiki

Ukweli ni kwamba ratiba ya vipindi huonyesha sehemu ndogo. Chukua kikao cha kuhakiki kazi chenye wanafunzi 12. Kila mmoja akipewa dakika 20, tayari ni saa nne, na hapo hujapanga kazi ukutani wala kuandika maoni ya kila mmoja. Ongeza usimamizi wa tasnifu, mikutano ya idara, usalama wa karakana na uagizaji wa vifaa. Katika vyuo vingi muda wa mhadhiri hugawanywa mafungu matatu: kufundisha, utafiti, na huduma kwa chuo. Mgawo wa 40, 40 na 20 kwa mia ni wa kawaida kwenye karatasi. Wakati wa kusahihisha, fungu la utafiti ndilo huliwa kwanza.

Tena tatizo la studio haliko kwenye idadi ya saa pekee. Saa mbili kila jioni na siku mbili mfululizo si kitu kimoja. Mchoraji wa rangi za mafuta anayetaka kuchanganya rangi moja ndani ya nyingine zikiwa mbichi lazima amalize eneo hilo kabla uso haujaanza kushika. Akirudi baada ya siku nne anakuta rangi imeshika ngozi kavu juu. Wenye uzoefu huomba vipindi vyao vyote vibanwe kwenye siku tatu, kisha hulinda siku mbili zinazofuatana kwa ukali. Wasioweza kupata hizo siku hubadilisha kazi yenyewe katikati ya muhula: michoro ya karatasi, vipande vidogo, akriliki (rangi ya maji inayokauka haraka). Kazi kubwa husubiri likizo.

Hilo fungu la utafiti, kwa msanii, si lazima liwe makala ya jarida. Nchini Uingereza, tathmini ya taifa ya utafiti wa vyuo vikuu ya mwaka 2021 ilipokea maonyesho na kazi za sanaa kama matokeo ya utafiti. Lakini picha peke yake haitoshi. Inatakiwa maelezo mafupi yanayoonyesha swali lililoulizwa, njia iliyotumika na jambo jipya lililopatikana, pamoja na ushahidi: tarehe, mahali, picha za ukumbi, katalogi. Msanii asiyetunza ushahidi huo wakati maonyesho yakiendelea huishia kuutafuta miaka mitatu baadaye kwenye simu za watu.

Dhana potofu: Sanaa haipimiki, kwa hiyo alama ni mapenzi ya mwalimu

Mapenzi yapo, ndiyo maana mfumo umewekwa wa kuyabana. Vigezo huandikwa kabla ya muhula kuanza: utafiti, majaribio, umahiri wa vifaa, uamuzi wa mwisho, maelezo. Msahihishaji wa pili hupitia kazi, na vyuo vingi huleta mtahini wa nje. Mwanafunzi anayelalamika mara nyingi ameleta picha moja nzuri bila daftari la majaribio, kwa hiyo vigezo viwili au vitatu vimekosa kitu cha kupimwa.

Dhana potofu: Galari inayochukua nusu ya bei inamwibia msanii

Asilimia 50 ndicho kiwango cha kawaida katika galari za biashara, yaani kumbi zinazoonyesha na kuuza kazi za wasanii. Ni kikubwa, na kinaweza kuwa halali au kuwa uonevu, kutegemea galari inafanya nini kwa hiyo nusu. Inayolipa pango, mwanga, wafanyakazi, bima, matangazo, na kuwapigia wakusanyaji wa sanaa simu kwa miaka kabla ya mauzo, inaifanyia kazi. Inayotundika picha na kusubiri haistahili nusu.

Tazama hesabu kwa kazi yenye bei ya 1,000. Msanii anapokea 500. Toa fremu 120, kitambaa na rangi 90, usafiri 40. Zinabaki 250 kabla ya kodi na kabla ya kuhesabu siku alizofanya kazi. Sasa mnunuzi anaomba punguzo la asilimia 10. Mkataba ukisema punguzo linagawanywa, kila upande unapata 450. Mkataba ukinyamaza, galari inaweza kubaki na 500 yake na kumpa msanii 400. Sentensi moja iliyosahauliwa imekula 50.

Kwa hiyo kugombania asilimia ni kugombania kitu kisicho sahihi. Mkataba wa kukabidhi kazi unapaswa kutaja: orodha ya kazi na bei zake, muda wa kukaa nazo, nani analipa fremu na usafiri wa kwenda na wa kurudi, bima inaanza lini na kwa thamani gani, punguzo la juu kabisa bila kumuuliza msanii, na malipo yafike ndani ya siku ngapi baada ya mnunuzi kulipa. Siku 30 ni ombi la haki. Iandikwe pia kwamba kazi ni mali ya msanii hadi ilipwe yote, maana galari ikifilisika, kazi isiyo na karatasi huweza kuhesabiwa miongoni mwa mali za mdaiwa.

Dhana potofu: Bei ni vile msanii anavyojisikia

Wengi hutumia hesabu ya vipimo. Njia mbili ndizo maarufu: kujumlisha urefu na upana, au kuvizidisha ili kupata eneo, kisha kuzidisha kwa kiwango kimoja. Matokeo hutofautiana sana. Picha ya sentimita 60 kwa 80 na ile ya 120 kwa 160: kwa kujumlisha, kubwa itakuwa na bei mara mbili ya ndogo; kwa eneo, mara nne. Ndiyo maana wachoraji wa picha kubwa hupendelea kujumlisha, vinginevyo kazi zao kubwa hupaa kupita wanunuzi walionao.

Kosa linaloumiza zaidi ni kuuza studioni kwa bei ya nusu kitu ambacho galari inakiuza kwa bei kamili. Habari hufika, na galari huondoka. Bei huwa moja kila mahali. Kuipandisha ni sawa, polepole, baada ya mauzo ya kutosha. Kuishusha huwavunja moyo walionunua mapema.

Dhana potofu: Ukinunua picha umenunua kila kitu

Mnunuzi anapata kitu chenyewe. Hakimiliki hubaki kwa msanii isipokuwa aiuze kwa maandishi. Mwenye picha anaweza kuitundika na kuiuza tena, lakini hawezi kuichapa kwenye fulana wala kwenye jalada la kitabu. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi hudumu angalau maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimefikisha 70. Mkataba huohuo unatambua haki ya msanii kutajwa kama mwenye kazi, na kupinga kazi iharibiwe kwa namna inayoshusha heshima yake.

Dhana potofu: Kazi ikiuzwa mamilioni mnadani, msanii ametajirika

Mnadani anauza mmiliki. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1973 huko New York: kazi ya msanii Robert Rauschenberg iitwayo Thaw, aliyoinunua mkusanyaji Robert Scull kwa dola 900 mwaka 1958, ilikwenda kwa dola 85,000. Msanii hakupata hata senti ya mauzo hayo. Ufaransa ilikuwa imeweka mrabaha wa mauzo ya baadaye, yaani fungu analolipwa msanii kazi yake inapouzwa tena, tangu 1920, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni ya pamoja mwaka 2001: asilimia 4 kwa sehemu ya bei hadi yuro 50,000, kisha kiwango hushuka kadiri bei inavyopanda, na mrabaha wote usizidi yuro 12,500. Nchi nyingine nyingi hazina kitu kama hicho.

Dhana potofu: Sanaa ya kisasa haihitaji ufundi

Kazi yoyote itaulizwa na mhifadhi, yaani mtaalamu wa kutunza kazi za sanaa, imetengenezwaje. Akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka. Tabaka lenye mafuta mengi likiwa chini ya tabaka lenye mafuta machache, la juu hukauka kwanza na kupasuka la chini linapoendelea kusogea. Plastiki ya mapovu ya kufungia kazi ikigusa uso wa akriliki kwenye joto huacha alama za duara. Huwekwa kwanza karatasi laini isiyonata, na mapovu yanaelekea nje. Kazi za karatasi haziwekwi chini ya taa kali, na makumbusho mengi hushikilia luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Dhana potofu: Asiyetoka akiwa kijana hatoki tena

Mchoraji Carmen Herrera aliuza picha yake ya kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 89.

Dhana potofu: Kazi nzuri hujitangaza yenyewe

Anayechagua kazi za maonyesho huona picha ya kazi kabla ya kuiona kazi. Picha hiyo hupigwa kwa taa mbili zinazofanana, kila moja pembe ya nyuzi 45, kamera ikitazama katikati ya kazi bila kuinama, na kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza inayopigwa ili kusahihisha rangi. Picha iliyopigwa kwa taa za aina mbili, moja ya njano na nyingine nyeupe, haiokoleki kwenye kompyuta.

Kila kazi ipewe namba siku inapokamilika, na iandikwe: jina, mwaka, vifaa, urefu wa kwenda juu kwanza kisha upana kisha kina, iko wapi sasa, bei, na nani aliinunua. Kwa kazi za kuchapa, idadi ya toleo hutangazwa kabla ya kuuza nakala ya kwanza, na namba 3/10 (nakala ya tatu kati ya kumi) haiwezi kugeuka 3/25 baadaye. Nakala za msanii, yaani zilizo nje ya hesabu ya toleo, kwa kawaida mbili au tatu, nazo zitajwe. Daftari hilo ndilo atakalofungua anapoombwa orodha ya maonyesho kwa ajili ya kupandishwa cheo chuoni, na ndilo warithi wake watakalolihitaji kutenganisha kazi halisi na bandia.