Kidudu cha madoa mawili kwenye mahindi ya Malindi: ni Cicadulina yupi?

Picha zinazonifikia kutoka Magarini, Ganda na mashamba ya kando ya mto Sabaki hufanana sana. Kidudu cha manjano, urefu kama milimita 3, kimetulia ndani ya jani changa la mahindi, na mbele ya kichwa kina madoa mawili meusi ya mviringo. Swali nalo ni moja: huyu ndiye aletaye ugonjwa wa milia, ule wa virusi? Picha haitoshi kulijibu. Madoa yale yanakupa jenasi tu (kundi la spishi ndugu), Cicadulina, nayo ina spishi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika.

Kwanza hakikisha hujamchanganya na jamaa mwingine. Mtazame mguu wa nyuma kwa kioo cha kukuzia mara 10. Cicadulina, kama familia yote ya Cicadellidae, ana safu za miiba midogo kwenye muundi, kuanzia juu hadi chini. Ukiona badala yake kucha moja nene inayochezacheza kwenye ncha ya muundi, huyo ni wa familia nyingine, na kwenye mahindi ya pwani yaelekea ni Peregrinus maidis. Naye hubeba virusi, lakini vyake ni vingine. Balclutha ni ndugu wa karibu zaidi, yuko kabila moja na Cicadulina, yaani kundi la jenasi ndugu, la Macrostelini, ila hana madoa hayo kichwani.

Udugu huo ndio uliovuruga majina. Mtaalamu wa wadudu Naudé alipomwelezea mdudu wa Afrika Kusini mwaka 1924 alimwita Balclutha mbila, na kwa jina hilo mtafiti Storey alitangaza mwaka 1925 kwamba ndiye anayehamisha milia, ugonjwa ambao mtafiti Fuller alikuwa ameueleza kutoka Natal, Afrika Kusini, tangu 1901. Mwaka 1926 mtaalamu aitwaye China akaanzisha jenasi Cicadulina, ambamo mbila yumo sasa. Kwa hiyo ukitafuta maandishi ya zamani kwa jina la Cicadulina mbila peke yake, utayakosa yale ya mwanzo kabisa.

Cicadulina bipunctata ndiye mwenye mkanganyiko mkubwa zaidi. Melichar alimpa jina la bipunctata mwaka 1904. Matsumura akaja na bipunctella mwaka 1908, na Australia wakawa na bimaculata ya Evans. Kwa kanuni ya uainishaji, majina yakionekana ni ya mdudu mmoja, la zamani ndilo linalobaki. Ramani za kabla ya majina hayo kuunganishwa zinaonyesha spishi mbalimbali, kila moja na eneo lake, kumbe ni mdudu mmoja aliyeenea kutoka Afrika, akapita Asia hadi Japani, na kushuka Australia. Ukiichukua ramani ya aina hiyo leo, soma kwanza majina yaliyotumika, ndipo uamini mipaka yake.

Kwa mkulima hili si suala la vitabuni. Mbila ni mbebaji hodari wa virusi vya milia. Bipunctata ametajwa miongoni mwa wabebaji, lakini ni dhaifu. Madhara yanayomtambulisha huko Australia na kusini mwa Japani hayatokani na virusi hata kidogo: anapofyonza huacha mate yenye sumu, mmea ukadumaa, majani yakawa ya kijani kizito na mishipa yake ikavimba. Milia halisi haifanani na hayo. Huanza kwa vitone vya mviringo vilivyopauka kwenye kitako cha jani jipya, kisha vikawa mistari myembamba ya manjano iliyokatikakatika sambamba na mishipa. Majani yaliyokwisha kufunguka kabla ya kuambukizwa hubaki safi, kwa hiyo ukiona yale ya chini mazima na ya juu yana mistari, unaweza kukadiria maambukizi yalianza lini.

Hata ndani ya mbila wenyewe, si kila mmoja anabeba. Storey, akiwa Amani kule Usambara, alionyesha mwaka 1932 kwamba uwezo huo hurithiwa: kuna ukoo unaoweza na ukoo usioweza. Mwaka uliofuata akaonyesha kwamba wasioweza, wakichomwa utumbo kwa sindano nyembamba, huweza kuambukiza. Kizuizi kilikuwa kwenye ukuta wa utumbo: virusi vinamezwa lakini havivuki kuingia kwenye damu ya mdudu. Naiona kazi hii kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kufanywa Afrika Mashariki juu ya wadudu, na inatuonya tusihesabu vidudu shambani kisha tukadhani tumehesabu hatari. Anayeweza kubeba, akishapata virusi, huambukiza maisha yake yote, ila hairithishi virusi hivyo kupitia mayai.

Kutambua spishi kunahitaji dume. Jike ana chombo cha kutagia kinachoonekana kama mstari mgumu chini ya ncha ya tumbo. Mweke pembeni, usimpe jina. Michirizi ya mbawa isikudanganye, kwani aliyejivua gamba karibuni huwa bado hajakolea rangi. Nasa kwa wavu wa kufagia nyasi, uwanyonye kwa mrija wenye kitambaa cha chandarua mdomoni, uwatie kwenye spiriti isiyo na rangi ya asilimia 70. Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa, maana wino wa kalamu huyeyuka.

Chini ya hadubini, litenge tumbo kwa vibano viwili vyembamba. Lichovye kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, yaani gramu 10 katika mchanganyiko wa mililita 100. Tia kemikali kwenye maji kidogokidogo, kamwe usimwage maji juu ya kemikali. Kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji moto, dakika 10 mara nyingi zinatosha. Pasipo moto, acha usiku kucha. Ukizidisha, utando huyeyuka na sehemu hutawanyika. Suuza kwa maji, kisha weka kwenye tone la gliserini bila kufunika kwa kioo, kwa sababu umbo la uume hutazamwa ubavuni na mgongoni, na kioo hulibana likapinda. Linganisha uume na vijiti vilivyo pembeni mwa kifuko cha uzazi. Mwili uliobaki ubandike kwa gundi kwenye kipembe cha karatasi kilichochomwa pini, na tumbo likae kwenye kijichupa cha gliserini kwenye pini ileile. Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo sanduku lisilo na chembe za silika litaota ukungu.

Shambani, kaskazi ikikausha nyasi, mahindi ya kumwagilia kando ya Sabaki ndiyo majani mabichi yanayobaki, na vidudu huyahamia. Rose, aliyefanya kazi Zimbabwe, alionyesha kuwa wenye miili mifupi huruka mbali zaidi. Wengine husogea karibu tu, na hao ndio wanaozuilika: ukanda mtupu wa mita 10 kati ya mahindi ya zamani na mapya hupunguza milia. Usipande mapya kando ya yale yaliyoanza kukauka. Mbegu iliyopakwa imidakloprid hulinda wiki chache za mwanzo, na hizo ndizo zenye hasara kubwa, kwani mmea ulioambukizwa ungali mchanga unaweza usitoe gunzi kabisa.

Anayetaka nimtajie spishi alete madume matano au zaidi kutoka shamba moja, pamoja na tarehe, mahali, na mmea au nyasi waliyokutwa juu yake.