Kasha la seva si kabati: dhana potofu kuhusu feni, vizibo na vipuri vya kuchomoa

Fungua kifuniko cha seva ya kawaida ya raki ya inchi 19 uitazame kutoka juu. Mbele kuna diski. Nyuma yake umesimama ukuta wa feni, halafu prosesa na RAM zikiwa chini ya kava jeusi la plastiki, na mwishoni kadi na pawa saplai. Huo ni mpangilio wa bomba la hewa: hewa huingia mbele na kutokea nyuma, na kila bati, kizibo na kifuniko ni kipande cha ukuta wa bomba hilo. Mengi yanayoharibika kwenye vyumba vya seva huharibika kwa sababu mtu amelichukulia bomba hilo kama kabati la kutunzia vyuma.

Dhana: Mashine ikipata joto, fungua kifuniko ipumue

Ukweli: ikifunguliwa ndiyo inazidi kuungua. Feni zile za katikati huvuta hewa upande wa mbele na kuisukuma kwa nguvu upande wa nyuma. Kifuniko kikiondolewa, hewa iliyosukumwa haioni sababu ya kujipenyeza katikati ya mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachofyonza joto la prosesa. Inapanda juu, inageuka, na sehemu yake inarudi kuvutwa tena na feni zilezile, safari hii ikiwa na joto. Feni zitapiga kelele na upepo utausikia mkononi, lakini prosesa haipati kitu. Kava jeusi la plastiki nalo lina kazi hiyohiyo ya kuibana hewa ipite kwenye hitisinki na RAM. Fundi akilitoa kuongeza RAM kisha akasahau kulirudisha, mashine huwaka vizuri tu, na tatizo hujitokeza siku kazi inapokuwa nzito: prosesa hujipunguza kasi yenyewe, watu wakaanza kuilaumu programu.

Kwa hiyo, kama seva inaruhusu kubadilisha feni ikiwa inafanya kazi, feni mpya iwe tayari mkononi kabla ya kugusa kifuniko. Maelekezo yaliyobandikwa ndani ya kifuniko mara nyingi hutaja muda wa kukiacha wazi, nao ni wa dakika chache.

Dhana: Nafasi za diski zisizotumika ziachwe wazi, hewa ipite zaidi

Hewa ni kama maji ya mfereji, hupita palipo rahisi. Chukua seva yenye nafasi nane, sita zina diski na mbili hazina kitu. Ukitoa vizibo vya zile mbili, sehemu kubwa ya hewa itaingilia kwenye matundu hayo, na diski sita zilizobanana zitapata mabaki. Jumla ya hewa inaweza kweli kuongezeka kidogo, ila haipiti inapohitajika. Kizibo cha plastiki kinachoonekana hakina maana kimechongwa ili kizuie hewa kwa kiasi kinachokaribia kile cha diski halisi, na ndiyo sababu baadhi yake vina matundu madogo yaliyohesabiwa. Usivitupe. Hesabu hiyohiyo inahusu vibati vya kuzibia nafasi za kadi nyuma, na vizibo vya pawa saplai. Seva ikiwa na pawa saplai moja na tundu la pili liko wazi, hewa hukimbilia humo badala ya kupita kwenye hitisinki.

Kwenye raki yenyewe mambo yanageuka. Nafasi ya U (kipimo cha kimo cha vifaa vya raki) iliyo wazi kati ya seva mbili hugeuka njia ya hewa moto kurudi mbele kutoka nyuma. Seva ya juu yake huvuta hewa ya nyuzi 35 wakati kipimajoto cha ukutani kinasoma 22. Kizibo cha raki ni bati au plastiki ya bei ndogo kuliko kipuri chochote cha seva, na bado ndicho cha kwanza kufutwa kwenye orodha ya manunuzi.

Dhana: Chumba cha seva kiwe baridi kama friji

Kiwango kinachofuatwa na wengi ni cha chama cha wahandisi ASHRAE: nyuzi 18 hadi 27 za Selsiasi zinapendekezwa, na seva za daraja A2, ambazo ndizo nyingi sokoni, huruhusiwa nyuzi 10 hadi 35. Joto hilo linapimwa kwenye hewa inayoingia mbele ya mashine. Halipimwi kwenye rimoti ya AC, wala ukutani karibu na mlango. Kushusha AC hadi 16 kwa sababu seva moja ya juu inalia ni kulipia umeme wa chumba kizima ili kuficha kizibo kilichokosekana.

Ile 35 nayo si ya kila mahali. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, hubeba joto kidogo kwa ujazo uleule. Kwa daraja A2 kikomo hushuka nyuzi 1 kwa kila mita 300 kuanzia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 na zaidi, kikomo kinaangukia karibu nyuzi 32. Kwa hesabu ya hewa, seva ya wati 500 ikiruhusiwa kupandisha joto la hewa kwa nyuzi 15 kati ya mbele na nyuma huhitaji karibu mita za ujazo 100 kwa saa ikiwa Dar es Salaam. Ikipandishwa Nairobi inahitaji kama 120, hivyo feni zilezile zitazunguka kwa kasi zaidi. Ukisikia seva iliyohamishwa kutoka pwani inavuma kuliko zamani, usikimbilie kudhani feni zimechakaa.

Pwani ina shida yake: unyevu na chumvi. Kufungua madirisha usiku ili kuokoa umeme wa AC huingiza vyote viwili, na chumvi yenye unyevu hula mabati na miguso ya plagi polepole bila kengele yoyote kulia.

Halafu kuna hili la umeme kukatika. UPS, betri ya akiba, inabeba seva, AC haibebi. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye dari ya mita 2.7 kina takriban kilo 39 za hewa. Seva zikitoa kilowati 5, hewa hiyo peke yake ingepanda nyuzi 10 ndani ya sekunde 80 hivi. Kuta na vyuma hunyonya sehemu na kuchelewesha, lakini bado unahesabu dakika. Betri ya UPS ya dakika arobaini haina faida kubwa kama jenereta haiwashi AC mapema, au kama seva hazijapangiwa kujizima kwa mpangilio joto la kuingilia likifika, tuseme, nyuzi 38.

Dhana: Seva nyembamba ndiyo yenye ufanisi

U moja ni milimita 44.45. Ndani ya kimo hicho feni ya milimita 40 ndiyo inayotosha, na ili isukume hewa ya kutosha inabidi izunguke zaidi ya mara 15,000 kwa dakika. Hapo ndipo sheria ya feni inapouma: hewa huongezeka sambamba na kasi, lakini umeme huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukizidisha kasi mara mbili, feni inakula umeme mara nane. Ukishusha hadi asilimia 80, inakula karibu nusu tu. Feni kubwa inayozunguka taratibu hushinda ndogo inayokimbia. Facebook walipobuni seva zao za Open Compute, mradi wa kuweka wazi michoro ya seva, mwaka 2011 kwa ajili ya kituo cha Prineville, Oregon, waliacha U1 wakachagua kasha la U1.5 ili ziingie feni za milimita 60 na hitisinki ndefu zaidi. Kama raki yako ina nafasi 42 na unatumia kumi na mbili, kununua U1 badala ya U2 ni kulipia kelele.

Dhana: Kipuri chenye mshikio wa rangi huchomolewa mashine ikiwa inawaka

Hili limezima seva nyingi. Rangi hutofautiana kwa watengenezaji, ila maana ni mbili. Kwa Dell na Lenovo, rangi ya udongo wa kuchoma ndiyo inayosema kipuri kinaweza kuchomolewa moto, yaani mashine ikiwa inawaka. Kwa HPE ni maruni. Bluu inasema tu “shika hapa”, na mara nyingi ina maana uzime kwanza na kuchomoa waya za umeme. Feni za seva nyingi za U1 zina alama ya bluu.

Diski huchomolewa moto bila madhara kwa sababu ya urefu wa pini. Kwenye plagi ya umeme ya SATA, pini mbili za ardhi hugusa kwanza, zinafuata pini za chaji ya awali zinazozuia mkurupuko wa umeme, kisha zilizobaki. Wakati wa kuchomoa mpangilio unajigeuza. Kwa hiyo plagi imeshakulinda. Ambacho haikulindi nacho ni mkono wenye haraka. Mpangilio wa kazi ni huu:

1. Soma namba ya mfululizo (serial number) ya diski iliyokufa kwenye mfumo, usitegemee namba ya nafasi peke yake. Nafasi kwenye makasha mengine huanza 0, kwingine 1.
2. Washa taa ya kuitambulisha. Kwenye Linux: `ledctl locate=/dev/sdX`.
3. Hakikisha diski nyingine zote za RAID hiyo (kundi la diski zinazofanya kazi kama moja) ni nzima. Kwenye RAID 5, inayovumilia kufa kwa diski moja tu, iliyokwisha kupoteza moja, kuchomoa jirani kwa makosa kunaiangusha yote.
4. Fungua komeo, vuta sentimita 2 au 3, subiri sekunde 30. Sahani za diski zingali zinazunguka, na kuipindua au kuigonga wakati huo ndiyo namna ya kuharibu diski ambayo pengine data yake ingeokolewa.
5. Sukuma mpya hadi mwisho kabla ya kufunga mshikio. Mshikio umewekwa kwa ajili ya nusu sentimita ya mwisho. Ukiutumia kama nyenzo ya kulazimisha, unapinda fremu.

Skrubu za fremu zisichanganywe: diski za inchi 3.5 hutumia skrubu za kipimo cha 6-32, za inchi 2.5 hutumia M3. Skrubu ndefu kwenye diski ndogo huweza kufika ubaoni.

Diski ya NVMe ni jambo jingine. Hiyo imeunganishwa moja kwa moja na PCI Express, njia ileile ya kadi za bodi, hivyo mbali na kasha, bodi na mfumo endeshi navyo lazima viunge mkono uchomoaji. Iondoe kwanza kwenye mfumo, ndipo uivute.

Dhana: Pawa saplai mbili za wati 800 ni wati 1,600

Zinakuwa 1,600 siku ambayo hutaki usalama. Mashine ikivuta 1,100, kila moja inabeba karibu 550 na taa zote ni za kijani. Moja ikifa, iliyobaki imeelemewa: seva hujibana kasi au inazimika. Ukihitaji usalama wa kweli, hesabu kana kwamba una moja. Na zote mbili zikichomekwa kwenye UPS ileile, umejikinga na kufa kwa pawa saplai tu. Waya wa pawa saplai ya kwanza (A) uende kwenye njia moja ya umeme, wa ya pili (B) kwenye nyingine, na breka ya kila njia iweze kubeba mzigo wote peke yake.

Dhana: Kelele na mtikisiko ni usumbufu wa masikio tu

Kichwa cha diski hufuata mstari mwembamba wa makumi ya nanomita. Feni yenye pezi lililovunjika, au reli iliyolegea, hutikisa fremu, kichwa kinakosa mstari, diski inarudia kusoma, na kasi inashuka bila hitilafu yoyote kuandikwa. Septemba 2016, benki ya ING mjini Bucharest ilifanya jaribio la mfumo wa gesi ya kuzimia moto. Moto haukuwako; sauti ya gesi ikifyatuka kwenye vipulizio ndiyo iliyoharibu diski kadhaa na kusimamisha huduma kwa saa nyingi. Tangu hapo vipulizio vyenye vizuia sauti vimeacha kuonekana anasa.

Dhana: Chujio la vumbi mbele ya seva ni kinga

Ni kizuizi. Feni zitapandisha kasi kukishinda, na kikijaa vumbi joto linapanda. Chuja hewa ya chumba, iache seva ivute hewa safi. Unapopuliza vumbi, zima mashine na uzuie mapezi ya feni kwa kidole, yasizungushwe na upepo kupita kasi yake.

Dhana: Maji ya kupoza lazima yawe baridi

Ujazo uleule wa maji hubeba joto karibu mara 3,500 kuliko hewa, kwa hiyo hata maji ya vuguvugu yanatosha. Kompyuta kuu ya SuperMUC, iliyozinduliwa 2012 huko Garching karibu na Munich, Ujerumani, ilipozwa kwa maji yanayoweza kuingia yakiwa na hadi nyuzi 40 hivi. Maji baridi mno ndiyo yenye hatari. Dar es Salaam, miezi ya joto, hewa ya nje huanza kudondosha umande kwenye kitu chenye nyuzi 23 au 24. Bomba la nyuzi 18 kwenye chumba kisichokaushwa hewa litatoka jasho, na jasho hilo litadondokea kwenye bodi.

Dhana: Mashine nzito ipangwe popote penye nafasi

Kasha la U4 lenye diski 60 za inchi 3.5 hubeba zaidi ya kilo 40 za diski peke yake. Lifungwe chini kabisa, likiwa tupu, na diski zipachikwe baada ya reli kufungwa pande zote mbili. Ukivuta droo mbili za namna hiyo kwa pamoja kwenye raki isiyofungwa sakafuni, raki inaanguka mbele. Simama pembeni.