Je, wajua? Pro huzeeka siku moja na PS4 ya kawaida

Kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, swali kuhusu PlayStation 4 (PS4), konsoli yaani mashine ya gemu ya Sony, na Pro, toleo lake lililoongezewa nguvu, huulizwa hivi: "Nichukue PS4 ya kawaida, ama niongeze kidogo nichukue Pro ndiyo inikalie miaka?" Muuzaji hujibu bila kusita: Pro itakaa zaidi, kwani ina nguvu zaidi. Jibu hilo linaingia akilini vizuri kabisa, na limewapotosha hata watu wanaojua gemu. Ukikaa na kalenda, halisimami.

PS3 ilitoka Novemba 2006 na PS4 ikafuata Novemba 2013. Hiyo ni miaka 7, na katikati hapakuwa na toleo lolote lililoongezewa nguvu. PS4 nayo ilipewa Pro Novemba 2016, kisha PS5 ikatoka Novemba 2020. Miaka 7 tena. Kwa upande wa Xbox, konsoli za Microsoft, mambo ni ya ajabu zaidi: Xbox 360 ya 2005 ilingoja miaka 8 kupata mrithi bila msaada wa toleo la katikati, ilhali Xbox One ya 2013, iliyosaidiwa na toleo la nguvu zaidi, One X, mwaka 2017, ilipata mrithi baada ya miaka 7.

Halafu kuna PS2, mzee aliyekataa kustaafu. Ilianza kuuzwa mwaka 2000, ikapunguzwa unene mwaka 2004, na nguvu zake zikabaki zilezile. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150. FIFA 14 ilitolewa kwa PS2 mwaka 2013, mwaka uleule PS4 ilipozaliwa. Na haikuhitaji Pro kufika umri huo.

Hapa pana tahadhari. Kalenda haiwezi kuonyesha kile ambacho hakikutokea. Pengine bila Pro, PS5 ingelazimika kuja mapema. Andrew House, aliyekuwa akiongoza kitengo cha PlayStation, alieleza mwaka 2016 kwamba katikati ya maisha ya konsoli, wachezaji wanaotaka picha bora kabisa huanza kuhamia kwenye kompyuta, na Pro ilikusudiwa kuwazuia. Hiyo ni sababu ya kibiashara na ina mantiki. Ila kumzuia mteja asihame si sawa na kuirefushia mashine maisha.

Kwa nini basi nguvu nyingi zisilete umri mrefu? Fikiria kibanda cha chapati. Mbele amekaa mama anayepokea oda, anahesabu pesa na kuamua nani apewe nini. Nyuma yake wako vijana wanaosukuma na kuchoma. Ndani ya konsoli, mama huyo ndiye prosesa: anaamua kila mmoja wa wachezaji 22 akimbilie wapi, mpira udunde vipi, refa apulize lini. Vijana wa nyuma ni chipu ya picha, wanaochora kile mama alichokwisha kuamua.

PS4 Pro ililetewa vijana zaidi ya mara mbili: chipu yake ya picha ilipanda kutoka teraflopu (kipimo cha kasi ya hesabu) 1.84 hadi 4.2. Mama alibaki yuleyule, aina ileile ya prosesa yenye viini 8 vya kufanyia hesabu, akaongezewa tu mwendo kutoka gigahezi 1.6 hadi 2.13, yaani theluthi moja. Na vijana, hata wawe wengi namna gani, hawachomi chapati ambayo mama hajaitaja.

Tazama hesabu ya fremu moja, yaani picha moja kati ya zinazopita haraka kwenye skrini. Gemu ya fremu 30 kwa sekunde huipa kila fremu milisekunde 33.3, ya fremu 60 huipa 16.7 tu. Tuseme gemu fulani inamchukua mama milisekunde 28 kwa fremu. Kwenye PS4 ya kawaida itakwenda kwa 30 bila shida. Kwenye Pro, 28 inashuka hadi 21. Ni nafuu, lakini 21 bado inazidi 16.7, kwa hivyo gemu inabaki palepale kwenye 30 na nguvu iliyosalia inatumika kufanya chapati kubwa zaidi, yaani picha yenye nukta nyingi. PS5 Pro ya Novemba 2024 imepita njia hiyohiyo: chipu ya picha ilinenepa sana, prosesa ikapandishwa kutoka gigahezi 3.5 hadi 3.85 pekee, tena gemu ikichagua hivyo.

Hata hiyo chapati kubwa ina ujanja ndani yake. Picha ya 4K, ile ya televisheni kali za kisasa, ina nukta 8,294,400, mara nne ya zile 2,073,600 za 1080p, yaani HD kamili. Vijana walioongezeka mara 2.3 hawatoshi kwa kazi mara nne. Ndiyo maana gemu nyingi za Pro huchora kama ubao wa drafti: fremu hii miraba nusu, fremu ijayo nusu nyingine, na mapengo yanajazwa kwa kukisia kutokana na fremu iliyopita. Inashangaza jinsi jicho linavyokubali kudanganywa. Lakini televisheni nyingi za inchi 32 kwenye vibanda vya PS hapa mjini zina nukta 1366 kwa 768. Huko Pro italainisha kingo kidogo, na mteja aliyekuja kulipia mechi moja hataona tofauti.

Kizuizi cha pili si cha umeme, ni cha masharti. Kila gemu ya PS4 Pro lazima iende pia kwenye PS4 ya kawaida, kwa hivyo mtengenezaji huanza na mashine dhaifu, kisha hupamba. Siku gemu inaposhindikana kwenye ile dhaifu, haiji kwenye Pro pia. Cyberpunk 2077 ni mfano mzuri: ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hali mbaya kwenye PS4 kiasi cha kuondolewa kwenye duka la PlayStation kwa miezi kadhaa, na nyongeza yake ya 2023, Phantom Liberty, haikuletwa PS4 kabisa. Wenye Pro, ambao gemu yenyewe ilikuwa ikiwaendea vizuri kidogo, walifungiwa mlango pamoja na wengine.

Ukitaka kuona masharti yakigeuzwa, rudi kwa Game Boy Color ya 1998, konsoli ya mkononi ya Nintendo. Game Boy ya kwanza ilikuwa na umri wa miaka 9. Toleo jipya lilipata rangi, prosesa yake ikaweza kwenda mara mbili, na muhimu zaidi, liliruhusiwa kuwa na gemu zake peke yake. Kaseti zenyewe zilikutangazia: nyeusi iliingia kote kuwili, ya plastiki ya kuonea ndani iliihitaji Color. Hapo toleo la katikati kweli lilirefusha ukoo, kwa gharama ya kuwaacha nyuma wenye mashine ya zamani. Sony na Microsoft hawakutaka kulipa gharama hiyo.

Kwa mwenye PS4 leo, kinachoamua itafanya kazi mpaka lini ni diski, vumbi na feni. Diski kuu ya PS4, na ya Pro pia, ni ile ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika, na mara nyingi ndiyo hufa kwanza. Badala yake weka SSD (diski isiyozunguka) ya kiunganishi cha SATA, ya inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5. Hifadhi kwanza maendeleo ya gemu zako kwenye flashi. Kisha kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 tengeneza folda PS4, ndani yake UPDATE, uweke faili ya mfumo wa PS4 iitwayo PS4UPDATE.PUP, majina yote kwa herufi kubwa. Ukishabadilisha diski, bonyeza kitufe cha kuwasha bila kuachilia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, unganisha padi kwa waya, chagua namba 7, ya kusakinisha mfumo upya.

Wengi hukwama hapo, mashine ikidai haioni faili. Karibu kila mara wamepakua faili ya kusasisha badala ya ile ya kusakinisha upya. Ya pili ina ukubwa wa takriban gigabaiti 1, kama maradufu ya ile ya kwanza, na majina yao yanafanana herufi kwa herufi. Usitegemee miujiza ya kasi: data ikishasomwa bado inangoja kushughulikiwa na yule mama wa mbele. Na ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke, kwani hewa kali huikimbiza kupita mwendo wake na kuharibu bearingi.