"Injinia, programu imepitisha": dhana potofu kuhusu maungio ya chuma

Kuanzia maghala ya mahindi ya Vwawa hadi vituo vya kufungashia parachichi Njombe, fremu za chuma zinazidi kusimama, na sentensi ni ile ile kutoka kwa anayechambua fremu kwa kompyuta: "Injinia, programu imepitisha." Imepitisha nini? Ukifungua faili unakuta mihimili imepimwa, nguzo zimepimwa, na pale zinapokutana kuna nukta. Nukta haina bolti, haina pleti, haina mshono wa kuchomelea.

"Mistari ikigusana kwenye modeli, muungano upo"

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na haitoki kwa wateja tu. Inatoka hata kwa vijana waliomaliza shahada juzi, wanaoendesha programu kwa kasi ya ajabu. Ukichora mhimili ukaufikisha kwenye nguzo ndani ya STAAD.Pro au SAP2000, programu za kuchambua fremu, programu inachukulia kwamba ncha ya mhimili imeshikamana na nguzo kiasi kwamba pembe kati yao haibadiliki. Hukuulizwa. Umechora, umebonyeza kuchambua, na tayari umeahidi muungano mgumu kila mahali. Kisha michoro inakwenda karakana, na karakana inatengeneza inachokijua: pleti moja ya ubavu kwenye webu (ukuta wa kati wa mhimili), bolti mbili, basi. Hiyo ni bawaba, muungano unaoacha ncha izunguke. Modeli ilihesabu ukuta, saiti imejenga mlango.

Chukua mhimili wa mita 6, IPE 200 (umbo la I lenye kina cha milimita 200) wa chuma cha daraja la S275, wenye zege juu linaloizuia flenji, yaani bapa la juu, isiyumbe. Mzigo wa usanifu ni 20 kN kwa mita. Ncha zikiwa ngumu, momenti (nguvu ya kupinda) kubwa iko kwenye ncha, wL²/12, w ikiwa mzigo kwa mita na L urefu, yaani 60 kNm. Katikati kuna 30 tu. Uwezo wa IPE 200 hiyo ni karibu 60.7 kNm. Programu inagawa momenti kwa uwezo, inaandika 0.99 kwa rangi ya kijani, kila mtu anafurahi. Sasa weka pleti ya ubavu. Ncha haziwezi tena kubeba momenti, na yote inahamia katikati: wL²/8, yaani 90 kNm. Mhimili umepewa karibu mara moja na nusu ya uwezo wake.

Kinachoonekana kwa macho mapema zaidi ni kushuka kwa mhimili. Kwa mzigo wa matumizi, usio na vizidishi vya usalama, wa 14 kN kwa mita, ncha ngumu zinatoa milimita 11.6. Bawaba zinatoa milimita 58, mara tano kamili. Kikomo cha L/360 ni milimita 16.7. Sakafu ya namna hiyo inapasua vigae kwanza, na lawama anabebeshwa fundi vigae.

Kosa la upande wa pili nalo halikosekani. Mhandisi amehesabu bawaba sawasawa, michoro iko wazi, lakini fundi akishakaza bolti anachomelea flenji ya juu na ya chini "ili ishike vizuri". Momenti ambayo nguzo haikupangiwa inaingia kwenye nguzo, tena kupitia mshono ambao hakuna aliyeupigia hesabu. Na bolti hazisaidii kama anavyodhani. Tundu la bolti ya M20, yenye kipenyo cha milimita 20, lina kipenyo cha milimita 22, kwa hiyo bolti ya kawaida hungoja kipande kijongee ndipo ianze kubeba, ilhali mshono haujongei. Mshono unabeba peke yake. Ukipasuka ndipo bolti inapokumbuka kazi yake. Kwenye michoro andikeni kwa herufi kubwa: HAPA USICHOMELEE. Ni mstari mmoja tu, na unaokoa mengi.

Kuna sababu watu wanaikimbia bawaba ndani ya programu. Wakilegeza ncha zote, modeli inatoa onyo la kutotengemaa, kwa kuwa fremu isiyo na kitu cha kuizuia kwenda pembeni ni ngazi isiyoegemezwa. Badala ya kuweka mikingamo (vyuma vya mshazari), wanakaza nodi zote, zile nukta za maungio, tena, onyo linatoweka, kazi inachapishwa. Onyo lile lilikuwa ukweli pekee uliosemwa siku hiyo.

Utaratibu unaofaa hauchukui hata saa moja. Kabla ya kufungua programu, chukua mchoro wa fremu na penseli, uweke duara kwenye kila bawaba na pembetatu kwenye kila muungano mgumu. Kwenye SAP2000 chagua mihimili yenye duara, nenda Assign, kisha Frame, kisha Releases, ulegeze M33, momenti kuu ya kupinda, mwanzo na mwisho. Kwenye STAAD.Pro, wima ikiwa ni Y, unacholegeza ni MZ. Usilegeze msokoto ncha zote mbili. Mhimili utazunguka kama mshikaki na hesabu itagoma. Weka mikingamo kwenye kuta na kwenye paa. Chambua, kisha angalia mchoro wa momenti: penye duara pasome sifuri. Mwisho, andika nguvu za kila ncha kwenye michoro, nguvu ya kukata, ya kuvuta au kusukuma, na momenti, ili anayechora maungio asikisie.

Atakayesema muungano wake "ni mgumu, unaonekana tu" apewe EN 1993-1-8, sehemu ya Eurocode (viwango vya Ulaya) inayohusu maungio ya chuma. Kwa fremu yenye mikingamo, muungano unahesabika mgumu pale ugumu wake wa awali unapofika 8EI/L ya mhimili, EI ikiwa ugumu wa mhimili kupindika. Fremu isiyo na mikingamo inadai 25EI/L. Chini ya 0.5EI/L ni bawaba. Kwa IPE 200 yetu ya mita 6, EI/L ni karibu 680 kNm kwa radiani, kwa hiyo mipaka ni 5,440, 17,000 na 340. Kilicho katikati ni nusu-ugumu, na hicho lazima kiingizwe kwenye modeli kama springi yenye namba yake. Wengi hapa bado wanasanifu kwa BS 5950, kiwango cha zamani ambacho Uingereza yenyewe ilikiondoa mwaka 2010. Hilo halibadilishi kitu: hata humo hesabu ya fremu na umbo la muungano vinatakiwa vilingane.

"Tekla imeonyesha kijani"

Alama ya kijani kwenye Tekla Structures, programu ya kuchora vipande na maungio, inasema kipengele kimeundwa bila kugongana na masharti ya umbo. Njano: kimeundwa lakini kuna tatizo, mara nyingi bolti iko karibu mno na ukingo. Nyekundu: kimeshindikana. Kama hamkuwasha ukaguzi wenyewe, nguvu haijaguswa popote. Weka pleti ya kichwa (inayochomelewa kwenye ncha ya mhimili), namba 144 katika orodha ya Tekla, yenye bolti mbili za M12 kwenye mhimili wa mita 15 na utapata kijani kizuri kabisa.

Programu za kukagua muungano wenyewe, kama IDEA StatiCa, zinapima nguvu kweli, lakini zinapima ulizoingiza. Kosa linalojirudia ni mahali nguvu zinapowekwa. Mhimili una nguvu ya kukata ya 60 kN, nodi iko katikati ya nguzo yenye kina cha milimita 200, na bolti ziko milimita 50 nje ya uso wa nguzo. Kati ya nodi na bolti kuna milimita 150, sawa na momenti ya 9 kNm. Ukiacha nguvu zikae kwenye nodi wakati bawaba yako iko kwenye bolti, umewapa bolti momenti isiyokuwepo na umeinyima nguzo ile inayoihusu. Kuna sehemu ya kuchagua nguvu zikae kwenye nodi, kwenye bolti au mahali pengine. Isome. Na usitishike pleti ikifika kikomo cha kunyumbuka. Njia hiyo inaruhusu mkunjo wa plastiki hadi asilimia 5.

"Kenchi la bomba za mraba halihitaji hesabu ya maungio"

Hili ni la kwetu hasa, kwa sababu bomba za mraba ndizo zinazopatikana kirahisi na fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anaziweza. Modeli inazipima kama vijiti vinavyovutwa na kusukumwa, na zinapita. Ila kijiti kinapochomelewa kwenye uso wa bomba kuu, lile la juu au la chini la kenchi, kinaufinya au kuuvuta uso huo, na uso wa bomba jembamba unabonyea kama kopo, mapema sana kabla kijiti hakijafika uwezo wake. Unene wa ukuta wa bomba kuu ndio unaoamua. Kanuni za maungio ya mabomba katika EN 1993-1-8 zinaanzia ukuta wa milimita 2.5. Ukitumia bomba la milimita 1.5 au 2, kanuni hizo hazikuhusu, na programu inayokupa namba kwa bomba hilo inakupa namba ya kitu kingine. Ongeza unene wa bomba kuu kwanza, si wa vijiti. Vijiti vikiwa vipana karibu sawa na bomba kuu, nguvu inapita kwenye kuta za pembeni na hali inakuwa nafuu zaidi.

Mistari ya katikati ya vijiti ikutane kwenye mstari wa katikati wa bomba kuu. Fundi akivisogeza ili apate nafasi ya kuchomelea, pima kusogea huko na ukuingize kwenye modeli.

"Pleti nene ni salama zaidi"

Kwenye bawaba, hapana. Pleti ya kichwa inatakiwa ijikunje kabla bolti hazijakatika, la sivyo muungano unaachia ghafla bila kutoa dalili. Kanuni ni t isizidi 0.36d√(fub/fy): t ni unene wa pleti, d kipenyo cha bolti, fub nguvu ya chuma cha bolti, fy nguvu ya chuma cha pleti. Kwa bolti za M20 za daraja la nguvu 8.8 na pleti ya S275 jibu ni milimita 12. Kwa M16 ni chini kidogo ya 10. Anayeweka milimita 20 "kwa usalama" ameuondoa huo usalama.

"Nguzo ina bolti nne chini, basi imekazwa"

Bolti nne huwekwa hata kwenye bawaba, ili nguzo isimame yenyewe wakati wa kujenga bila kushikiliwa na watu. Kukaza kweli kunahitaji pleti nene, bolti zilizo nje ya flenji, na msingi mkubwa usiozunguka. Kwenye udongo wa majivu ya volkano wa Uyole au Tukuyu, msingi wa mita moja kwa moja utainama kidogo, na hilo linatosha kuondoa momenti uliyoitegemea. Kwa fremu za maghala hesabu bawaba. Miongozo ya Uingereza inaruhusu kuipa asilimia 10 ya ugumu wa nguzo kwa kuangalia utulivu wa fremu na asilimia 20 kwa kuyumba kwa matumizi ya kawaida. Ukisisitiza kukaza, mpe anayesanifu msingi ile momenti. Mara nyingi hapewi.

Bolti hizo hizo ndizo zinazozuia paa lisipae. Wanaojenga Makambako hawahitaji kuelezwa upepo. Tuseme upepo unanyanyua kwa 0.6 kN kwa mita ya mraba na paa lina uzito wa 0.2. Kinachobaki ni 0.4 kwenda juu. Fremu zikiwa kila mita 6 na upana ni mita 20, kila nguzo inavutwa juu kwa 24 kN, na kwenye kenchi vijiti vilivyokuwa vinavutwa sasa vinasukumwa. Ingiza hali hiyo ya mzigo kwenye modeli. Wengi wanaishia kwenye uzito wa bati na fundi aliyepanda juu.

"Mshono wa 6 ni mshono wa 6"

Sita ya nini? Eurocode inahesabu koo la mshono, a, yaani unene wake wa mshazari. Fundi anapima mguu, upande unaolala kwenye pleti. Mguu wa milimita 6 una koo la 4.2 tu, na kwenye S275 unabeba takriban 0.94 kN kwa kila milimita ya urefu. Koo la 6 linadai mguu wa 8.5, na karibu mara mbili ya vijiti vya kuchomelea. Programu yako imeandika ipi? Andika "a" au "mguu" mbele ya kila namba. Na vijiti vya kuchomelea vya E7018 vikilala wazi kwenye unyevu wa Rungwe vinavuta maji na mshono unapasuka. Vikaushwe kwenye oveni kabla ya kutumika.

"Bolti ni bolti"

M16 ya daraja 8.8 inabeba kata ya 60 kN kwenye uzi. Ya 4.6 inabeba 30. Kwa macho zinafanana, tofauti iko kwenye namba iliyogongwa kichwani. Isiyo na namba ihesabu kama haina daraja na irudi dukani. Modeli ikisema 8.8, orodha ya manunuzi iseme 8.8, na mtu azihesabu moja moja zinaposhushwa.

"Urefu wowote unachoreka"

Unachoreka, ndiyo. Lakini mihimili mingi inakuja kutoka Dar es Salaam kwa lori, ikipanda Kitonga, na urefu wa kawaida ni mita 12. Rafta (mhimili wa mteremko wa paa) ya mita 15 kwenye modeli lazima iwe na kiungo mahali fulani. Usipokichagua wewe, kitachaguliwa na grinda ya fundi, na grinda haina habari na mchoro wa momenti. Kiweke karibu na pale momenti inapovuka sifuri, mbali na honchi (unene wa ziada pale rafta inapokutana na nguzo) na mbali na kilele cha paa, uingize nguvu za sehemu hiyo kwa kila hali ya mzigo, wa upepo ukiwemo, kwa sababu upepo unapogeuza momenti ile sifuri inahama. Acha pia nafasi ya spana: kichwa cha M20 kina upana wa milimita 30, na ukaguzi wa migongano hauangalii mkono wa fundi kama hukuuambia uangalie.