Prolaktini imepanda? Kagua mkoba wa dawa kabla ya kuuza ng'ombe wa MRI

Mwanamke asiyenyonyesha anatokwa na maziwa, hedhi imekatika, prolaktini (homoni ya maziwa) ni nanogramu 70 kwa mililita badala ya chini ya 25. Anafika kliniki akiwa tayari ameambiwa ana uvimbe kichwani, na ukoo unachangishana pesa za MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, huko Kampala. Hakuna aliyemuuliza anameza dawa gani! Inauma, kwa sababu swali hilo ni bure.

Homoni nyingine za pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, husubiri kuchochewa na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake. Prolaktini hutoka yenyewe isipozuiwa, na kizuizi chake ni dopamini: seli za neva za haipothalamasi huimwaga kwenye mishipa midogo ya damu inayoshuka hadi kwenye tezi. Dawa inayoziba vipokezi vya dopamini huiachia prolaktini ipande. Metoklopramidi ya kichefuchefu hufanya hivyo. Dawa za akili haloperidoli, klopromazini na risperidoni pia, na wanaohudhuria hospitali ya akili ya Butabika au kliniki za akili za wilaya wengi wanazitumia. Risperidoni peke yake inaweza kuvusha 200, kiwango ambacho kwa mtu asiyetumia dawa hizo tungeshuku uvimbe mara moja.

Kwa hiyo anza na kipimo cha mimba, hata kwa anayeapa kwamba hana. Kisha TSH, kipimo cha tezi ya shingo, maana tezi hiyo ikizorota haipothalamasi huongeza homoni yake ya TRH, nayo huchochea prolaktini vilevile. Kisha kreatinini, kipimo cha figo. Rudia prolaktini saa mbili au tatu baada ya kuamka, mgonjwa akiwa ametulia na hajakamua matiti; wengi huyaminya kila asubuhi kuangalia kama maziwa yapo, na kuminya huko huipandisha. Metoklopramidi iachwe siku 3 kabla ya kurudia. Dawa za akili usiziache mwenyewe kamwe: daktari wa akili ndiye ataamua kama zibadilishwe.

Sababu hizo zote zikikosekana, MRI ina maana. Anayeumwa kichwa huku akipoteza kuona pembeni asisubiri hata siku moja. Na uvimbe mkubwa wenye prolaktini chini ya 100 mara nyingi si wa prolaktini. Umebana shina la pituitari, dopamini haipiti, na vidonge vya kushusha prolaktini havitausinyaza.

Kuna pia kauli tatu tunazosikia. "Uvimbe wa prolaktini lazima upasuliwe." Hapana. Wengi hutibiwa kwa vidonge vya kabegolini, vinavyofanya kazi kama dopamini, kuanzia miligramu 0.25 mara mbili kwa wiki.

"Vidonge vya kunenepesha unaacha ukishapendeza." Vingi ni deksamethasoni, dawa ya steroidi. Ukivimeza wiki kadhaa, haipothalamasi huacha kutoa homoni ya CRH, ACTH ya pituitari hupungua na adrenali, tezi za juu ya figo, husinyaa. Ukiacha ghafla, malaria ya kawaida inakuangusha: kutapika, presha kushuka, kuzimia. Hapo ni haidrokotisoni miligramu 100 ya mshipa na dripu ya chumvi papo hapo, na kuanzia hapo dozi hupunguzwa taratibu chini ya daktari.

"Mama aliyetoka damu nyingi akijifungua, akakosa maziwa na hedhi isirudi, amerogwa." Pituitari yake ilikosa damu. Pima kotisoli (homoni ya adrenali) na thairoksini (homoni ya tezi ya shingo). Zote mbili zikiwa chini, haidrokotisoni, badala ya kotisoli, itangulie, levothairoksini, badala ya thairoksini, ifuate. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kumuua.