Mchwa wakila nguzo za ukuta, usianze na pulasta

Mvua za Machi hadi Mei zikifika hapa Uganda, watu wanaokuja ofisini kulalamika juu ya mchwa wanaongezeka, na wengi wanakuja wakati ukuta umeshainama. Mtu anaona vijia vya udongo vinapanda ukutani, anavikwangua, anapiga pulasta mpya, ati amemaliza. Hajamaliza. Pulasta inawafichia mchwa njia tu, wanaendelea kula nguzo na fito ndani huku wewe huoni kitu mpaka paa lishuke.

Na oili chafu ya gari mnayomwaga kufukuza mchwa jamani, tumeshasema mara ngapi? Inachafua udongo na visima, na mchwa wanatafuta pa kupita pengine. Kuchimba kichuguu kutoa malkia nayo si dawa ya nyumba, maana wanaokula nguzo zako wanaweza kuwa wanatoka kiota cha chini ya ardhi ambacho hata hukioni.

Gonga nguzo kuanzia chini, halafu choma na bisibisi: inapozama kirahisi mti umekwisha, inapogoma ni mzima. Kabla ya kukata chochote egemeza paa kwanza kwa mirunda imara yenye ubao chini na juu, na fundi akisema kutoa nguzo moja bila kuegemeza haina shida usimkubalie, hapo ndipo watu wanaangukiwa. Kata yote iliyoliwa na uongeze kama futi moja ndani ya mti mzima, halafu unga nguzo mpya iliyotiwa dawa kwa bolti, sio misumari mitupu. Isiguse udongo kabisa, ikae juu ya zege lililoinuka kama sentimita 20 ili vijia vikirudi uvione mapema. Maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta, mchwa wanafuata unyevu.

Dawa ya kumwaga kwenye udongo nunua iliyosajiliwa na Wizara ya Kilimo, ikiwa na lebo yake, sio ya kupimiwa kwenye chupa ya soda. Bado kuna wanaoulizia dieldrini na aldrini za zamani. Hizo ziko kwenye orodha ya marufuku ya Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 na sumu yake inakaa kwenye udongo miaka mingi.

Sasa kibali. Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013 haiangalii nyumba mpya peke yake, kwa hiyo kama unabadilisha nguzo zinazobeba paa, nenda kwanza kwa afisa wa udhibiti wa ujenzi wa wilaya ama munisipali yako akuambie kazi yako inahitaji nini. Maombi yakihitajika yanaingia kwenye BIMS, mfumo wa mtandaoni wa mambo ya ujenzi, kisha yanaenda kwa kamati ya ujenzi. Barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, sio kibali cha ujenzi, naomba hili lieleweke, maana watu wanatuletea hiyo barua wakiwa wameshabomoa ukuta mzima. Ukijenga bila kibali pale kinapotakiwa kazi inaweza kusimamishwa, na mahakama inaweza kukupiga faini ama kukufunga.

Vipande vinavyobaki vya nguzo za dawa, hasa zile za kijani, usipikie wala usichome takataka navyo, nyingi zina aseniki na inabaki kwenye moshi na majivu.