Karatasi ya msimamizi wa mirathi si hati ya kumiliki mali

Alifungua fundo la khanga juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na mfuko wa rambo, ndani ya mfuko bahasha ya kaki, na ndani ya bahasha karatasi moja iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo imeanza kuchanika. "Mwanangu, nisomee," akaniambia, "maana wao wanasema humu imeandikwa kila kitu ni cha shemeji."

Niliisoma mara mbili. Ilikuwa Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo, inayomteua shemeji yake kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mumewe. Hapakuwa na neno hata moja linalosema mali ni ya shemeji. Kwa miaka mitatu mama huyu alikuwa akiishi kwa kuomba ruhusa ya kulima shamba alilolifyeka yeye na mumewe, kwa sababu ya karatasi ambayo hakuna aliyemsomea. (Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Mengine ameniruhusu mwenyewe niyasimulie.)

Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni msaada wa kisheria wa bure katika vijiji vya mkoa wa Morogoro. Watu wakisikia "wakili wa bure" hupiga picha ya mtu wa joho jeusi anayesimama mbele ya hakimu. Siku za namna hiyo zipo. Lakini kazi iliyo nyingi ni hii ya mezani: kusoma karatasi pamoja na mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka aelewe inampa nini na haimpi nini. Katika karatasi zote ninazoletewa, hii ya usimamizi ndiyo inayowaumiza wajane na yatima kuliko zote. Haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba inasomwa na mtu mmoja tu, halafu yeye ndiye anayewaeleza wengine inasema nini.

Msimamizi anahitajika kwa sababu mtu akifariki, hawezi tena kusaini. Benki haiwezi kumpa fedha kila anayekuja na kusema ni mtoto wa marehemu, na mdai hajui amdai nani. Kwa hiyo mahakama humteua mtu mmoja au zaidi wa kushika mambo ya marehemu kwa muda. Kazi zake ni kukusanya mali, kulipa madeni, na kugawa kinachobaki kwa warithi. Fikiria mtunza ghala wa chama cha ushirika. Ufunguo anao yeye na kitabu anacho yeye, lakini magunia ni ya wakulima, na siku ya hesabu lazima asimame aeleze. Msimamizi anaweza pia kuwa mrithi, mathalani akiwa mjane au mtoto wa marehemu, lakini hapo atapata fungu lake kama warithi wenzake. Kule kuteuliwa hakumwongezei hata hatua moja ya shamba.

Na siku ya hesabu imewekwa. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1971, zinamtaka msimamizi ndani ya miezi minne tangu ateuliwe apeleke mahakamani Fomu Na. V, yaani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Baada ya hapo anapeleka Fomu Na. VI, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Mahakama inaweza kumwongezea muda akiwa na sababu.

Hapa ndipo mambo yanapoharibika. Msimamizi akishapata Fomu Na. IV, mara nyingi haonekani tena mahakamani. Anakwenda nayo benki, anakwenda nayo kwa mnunuzi wa kiwanja, anaionyesha kwenye kikao cha ukoo kama mtu anayeonyesha hati ya nyumba. Muhuri wa mahakama unatisha. Mjane ambaye hajawahi kuingia mahakamani anaamini kabisa kwamba hakimu ameshaamua na yeye ameshashindwa, wakati hapajawahi kuwa na kesi yoyote baina yao.

Nilimwambia mama, "Twende masijala." Karani alitutolea jalada. Lilikuwa na maombi, tangazo, barua ya uteuzi, basi. Hapakuwa na Fomu Na. V wala Na. VI, na miezi minne ilikuwa imepita zamani. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida: mimi ni mjane wa marehemu, nina watoto wanne, msimamizi hajaleta orodha ya mali, naomba mahakama imwite aeleze. Sheria inaipa Mahakama ya Mwanzo uwezo wa kumwondoa msimamizi kwa sababu ya msingi na kuteua mwingine, lakini hatukuanza na hilo. Kwa uzoefu wangu, ukianza na "aondolewe" ukoo mzima unakugeuka siku hiyohiyo. Ukianza na "aje aeleze", hata wazee wanaona ni haki.

Shemeji aliitwa, akaja, akaleta orodha. Nyumba ipo. Shamba la bondeni lipo. Shamba la pili alikuwa ameshaliuza, na mnunuzi ameshapanda. Suala la nyumba na la shamba la bondeni linaelekea kuzuri. La shamba lililouzwa bado liko mahakamani, na nilimwambia mama ukweli kwamba litachukua muda na huenda tusilipate. Laiti angekuja mwaka ule wa kwanza, kabla halijauzwa, kazi ingekuwa nyepesi mno.

Ninapofundisha vijijini, swali la kwanza huwa juu ya kikao cha ukoo: "Bila muhtasari wa ukoo, mjane anaweza kuomba usimamizi?" Muhtasari ni kitu kizuri. Unamwonyesha hakimu kwamba familia inafahamu na imependekeza mtu. Lakini Mahakama Kuu imeshasema katika maamuzi mbalimbali kwamba kikao hicho ni utaratibu wa busara, si sharti la sheria. Mjane ana maslahi katika mirathi ya mumewe na anaweza kuomba. Ukoo ukigoma kukaa, apeleke maombi yake na kueleza kwamba wamegoma. Na mahakama ikiona ndugu hawaelewani kabisa, inaweza kumteua mtu mwingine mwadilifu asiyeegemea upande wowote. Nimewaona wanawake wakikaa miaka wakisubiri baba mkubwa aitishe kikao ambacho hana nia ya kukiitisha.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo ni la mafungu. Jibu linategemea sheria gani inatumika, na hilo huangaliwa kwa dini ya marehemu, kabila lake na namna alivyoishi. Kwa Waislamu, mke hupata moja ya nane kama marehemu ameacha watoto, moja ya nne kama hakuacha. Kwa Wakristo walioishi nje ya mila, mahakama zetu zimekuwa zikitumia sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865 iliyoletwa na wakoloni, ambayo humpa mjane theluthi moja pale palipo na watoto. Kwa mila za upande wa baba kuna Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, na humo kuna kanuni inayosema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, inasema, ni kutunzwa na wanawe kama yeye alivyowatunza.

Siwezi kusimama mbele ya wajane nikawaambia kanuni hiyo haipo. Wajane wawili wa Kitanzania waliipinga, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba ina ubaguzi lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema Tanzania ilivunja haki za wajane hao. Mimi naiona kanuni hiyo kuwa dhuluma iliyovaa vazi la mila, na ninawaambia hivyo wanaonisikiliza. Lakini pia ninawaonyesha kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Nikiwa kwenye kitongoji ambako mali yote ni shamba, kifungu hicho ndicho ninachokishika.

Mafunzo yenyewe tunayafanya pale watu walipo tayari: kwenye mkutano wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, baada ya ibada, pembeni ya gulio. Hadharani wanaouliza ni wanaume. Wanawake hunisubiri nikikunja mkeka, ndipo mmoja ananisogelea na kusema, "Wakili, kuna jirani yangu ana shida." Nimejifunza kutouliza jirani ni nani. Namjibu kwa ajili ya jirani, taratibu, na mwisho namwambia ofisi tunayokaa na siku ya kuja.

Jambo ninalolirudia kila mahali ni siku. Umeachishwa kazi bila haki, hata kama ni kazi ya ulinzi au ya ndani? Una siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kufungua ni bure. Umeshindwa Mahakama ya Mwanzo? Una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Una mgogoro wa shamba? Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui nani mwenye shamba. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nakutana na watu wenye "hukumu" ya kata iliyotolewa baada ya mabadiliko hayo, na wamelipia.

Wanaobeba mzigo wa kazi hii si mawakili. Ni wasaidizi wa kisheria wa vijijini, wengi wao wakulima na akina mama wa vikundi, waliopewa mafunzo na kusajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inawakataza kumtoza mtu fedha na haiwaruhusu kumwakilisha mahakamani. Wanaelimisha, wanasuluhisha, wanasaidia kuandika, wanamsindikiza mtu hadi mlango sahihi. Mtu akikwambia ni msaidizi wa kisheria kisha akaomba "hela ya faili", huyo ni kishoka, usimpe. Tangu mwaka 2023 kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imekuwa ikizunguka mikoani, na nimeona watu waliozungumza na wakili hapo kwa mara ya kwanza maishani mwao. Shida ni kwamba kampeni hupita na shauri hubaki. Tarehe ya kwanza ikiahirishwa, na ya pili, ni yule msaidizi wa kijijini anayeamka alfajiri kupanda bodaboda pamoja na mjane, mara nyingi kwa nauli ya mfukoni mwake. Kama kuna fedha ya kuongezwa popote katika kazi hii, ningeiweka kwenye nauli hiyo.

Ukija kwetu kwa shauri la mirathi, njoo na cheti cha kifo au kibali cha mazishi, cheti cha ndoa kama kipo, majina ya watoto wote wa marehemu, wa ndani na wa nje ya ndoa, na karatasi yoyote yenye muhuri hata kama huielewi. Kama ndoa haikuwa na cheti, njoo na majina ya watu waliokuwapo siku ya mahari. Na kama huna hata kimoja, njoo hivyohivyo. Tutaanzia masijala.